Chuma namba 7 kinafika mita ngapi kweli?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika kutoka Nyegezi, hapa hapa Mwanza. Nina miaka 34, na gofu nimeanza miaka miwili iliyopita. Kwenye kundi letu la Jumamosi kila mtu anasema chuma namba 7, ile fimbo ya umbali wa kati, anakipiga mita 150, na mmoja anadai 160. Mimi nikiupata mpira vizuri naona unafika 130, siku nyingine 115. Mwezi uliopita tulicheza ugenini, shimo fupi la mita 132 hadi kwenye bendera, mbele ya grini (zile nyasi fupi zenye shimo) kuna mfereji. Nikachukua 7, mpira ukaishia majini. Wenzangu walicheka sana, wakasema fimbo zangu ni za kizamani, ninunue seti mpya. Je, mimi ni dhaifu au fimbo ndizo mbovu? Na hawa mabingwa wa kwenye televisheni wao wanafika wapi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Dhaifu si wewe. Wewe umenitajia mipira yako yote, mizuri na mibaya. Wenzako kila mmoja amekutajia mpira mmoja tu, ule alioupiga siku fulani ya kiangazi, upepo ukiwa mgongoni, ukaangukia pakavu na kubingirika hadi akachoka kuutazama.

Unajua wavuvi wetu. Sangara aliyekata nyavu, kila akisimuliwa anaongezeka kilo. Lakini sangara aliyefika Mwaloni pale Kirumba hana simulizi: anawekwa kwenye mizani, kilo zinasomwa, biashara inaendelea. Gofu ya Jumamosi haina mizani, kwa hiyo kila mtu anabaki na sangara wake wa majini.

Na si sisi tu. Februari 1971 mwanaanga Alan Shepard wa Apollo 14 alipiga gofu mwezini. Alikuwa amebeba kichwa cha chuma namba 6, akakifunga kwenye mpini wa kifaa cha kuchotea udongo, akapiga kwa mkono mmoja kwa sababu vazi lilikuwa gumu. Mpira wa mwisho alitangaza kwamba umekwenda maili na maili. Miaka 50 baadaye picha za safari ile zikachambuliwa upya, na mpira ukaonekana ulipolala: yadi 40 kutoka aliposimama, yaani kama mita 37. Tena ni mahali ambapo hakuna hewa ya kuuzuia mpira, na mvutano ni moja ya sita ya huu wetu. Basi usimkasirikie jamaa wa mita 160.

Sasa tupime. Mabingwa wanapimwa kwa rada, na takwimu zilizozoeleka za TrackMan, watengenezaji wa rada hizo, zinaonyesha kwamba wastani wa chuma 7 kwa wanaume wa PGA Tour, mashindano ya wachezaji wa kulipwa Marekani, ni yadi 172. Hiyo ni mita 157. Kwa wenzao wanawake, wa LPGA, ni yadi 141, mita 129. Namba ikipungua, fimbo inafika mbali zaidi: chuma 5 wanaume wanafika mita 177 na wanawake 147; chuma 9 ni 135 kwa 109. Hizo zote ni za angani tu, tangu mpira unapoondoka hadi unapogusa ardhi kwa mara ya kwanza. Kubingirika hakumo.

Kwa hiyo mwenzako anayedai 160 anadai kumpita mtu wa wastani wa PGA Tour, ambaye kichwa cha fimbo yake kinapita kwenye mpira kwa mwendo wa kilomita 145 kwa saa. Na wewe, siku ukiugonga vizuri ukaruka 125, uko karibu na mwanamke anayekula kwa kazi hiyo. Si haba hata kidogo. Wanaume wa ridhaa ninaowapima mimi, wenye nguvu za kawaida na handikapu (kipimo cha ustadi) za katikati, wengi wanaangukia kati ya mita 115 na 135 angani, na hapo ni pale wanapougonga katikati ya uso wa fimbo. Wakiugonga pembeni, toa mita 10 au zaidi.

Kuna wizi mwingine mdogo, wa yadi. Yadi moja ni sentimita 91. Mtu anaangalia televisheni, anasikia 150, anaikariri, kesho anaisema uwanjani kwa mita. Yadi 150 ni mita 137. Nadhani nusu ya zile 150 za kundi lenu ni yadi zilizobadilishwa jina. Waulize tu kwa upole, na uangalie kadi ya uwanja imeandikwa kwa kipimo gani kabla hamjaanza.

Nisijifanye msafi. Mimi mwenyewe kwa miaka nilijiita mtu wa mita 150. Siku ya kwanza niliposimamishwa mbele ya rada, mipira 20, wastani ukasoma 137. Nikasema mashine ina hitilafu. Nikarudia kesho yake: 136.

Tuje kwenye fimbo, maana hapo wenzako wamegusa kitu cha kweli bila kukijua. Ile namba iliyochongwa chini ya fimbo si kipimo. Hakuna kanuni ya gofu inayosema 7 lazima iwe na pembe fulani. Kinachoupeleka mpira ni mlalo wa uso wa fimbo: ukilala nyuma zaidi, mpira unapanda juu na kwenda karibu; ukisimama wima zaidi, unakwenda mbali. Chuma 7 cha zamani kilikuwa na digrii kama 36. Vya siku hizi, hasa vile vinavyotengenezwa kwa ajili ya wachezaji wa kawaida, utavikuta na 30, hata 28. Kati ya chuma kimoja na kinachofuata huwa kuna tofauti ya digrii 4 hivi. Piga hesabu: 7 ya jamaa yako inaweza kuwa 5 ya kwako. Hajakushinda nguvu, amekushinda kwa mchongo wa namba.

Uzuri wa hili ni kwamba linapimika. Mpelekee fundi wa fimbo mwenye kifaa cha kupimia pembe, au ziweke 7 yako na ya mwenzako bega kwa bega, nyayo zikiwa sawa sakafuni, utaona kwa macho.

Je, ununue? Kama fimbo zako zina mipini mizima na mishikio haijaota ugumu, mimi nisingenunua kwa sababu ya umbali. Vichwa vya kisasa vina faida halisi: uzito umesogezwa pembeni na chini, kwa hiyo ukikosea katikati hasara inapungua, na mpira unapanda kirahisi hata pembe ikiwa wima. Hiyo ni sababu nzuri ya kununua. Lakini namba kubwa peke yake ni mtego, hasa kwa mtu ambaye fimbo yake haina mwendo mkali. Mpira utaruka chini, utatua kwa mlalo, na hautasimama kwenye grini. Halafu utajikuta 4, 5 na 6 zote zinafika mahali pamoja, umebeba fimbo tatu zinazofanya kazi moja, na mkoba unaruhusiwa fimbo 14 tu. Upande wa chini nako kunaachwa shimo. Wedji, yaani fimbo ya mipira mifupi, ya seti ya namna hiyo inaweza kuwa na digrii 43 au 44, na ile ya mchangani ni 56. Kati yao kuna jangwa la mita 25 au 30, na humo ndimo alama nyingi zinakopotelea. Muuzaji hatakuambia hilo.

Kuna jambo lingine ambalo watu wa ziwani tunalisahau. Tunapocheza hapa tuko kwenye mwinuko. Ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 300 unazopanda mpira unaongezeka kama asilimia 1.2, kwa kuwa hewa inakuwa nyepesi. Mwanza inatupa asilimia 4 na nusu hivi ya bure. Ukienda Kisumu au Entebbe hutaona tofauti, ni ukingo wa ziwa lile lile. Ukishuka Dar es Salaam kucheza Gymkhana, mita 125 zinageuka 120. Watu wanarudi wakisema hewa ya pwani ni nzito kwa unyevunyevu. Hapana. Mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu, kwa hiyo unyevu unaupunguzia mpira kizuizi, ingawa kwa kiasi kidogo mno. Kilichowapunguzia ni kushuka kutoka kwenye mwinuko.

Upepo una uzito kuliko yote hayo. Asubuhi ziwa huwa limetulia. Jua likipanda, nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, upepo unaanza kuvuta kutoka ziwani kuja bara, na alasiri unakuwa umekolea. Usiku unageuka. Sasa, upepo hautoi sawasawa na unavyochukua. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukiwa usoni unakula karibu asilimia 10 ya umbali wako. Huo huo ukiwa mgongoni unakuongezea kama 5. Ukipiga kuelekea ziwani saa tisa mchana, ile 125 yako inakuwa 112. Wala usijaribu kuushinda kwa kupiga kwa hasira. Nguvu zaidi huuzungusha mpira zaidi, nao unapanda juu kama kishada na kuanguka hapo hapo. Chukua fimbo ndefu, piga taratibu.

Kujipima hakuhitaji rada. Nenda asubuhi, kabla ya saa nne, mahali penye nyasi na pasipo watu. Chukua mipira 20 ya aina moja unayochezea mechi, si ile ya mazoezi iliyochakaa, maana hiyo hairuki sawa. Kodi kamba ya kupimia ya mafundi ujenzi, weka alama za mita 100, 110, 120 na 130, na mwombe kedi, kijana wa kubeba mkoba, asimame pembeni kabisa, nje ya njia ya mpira, akichomeka kijiti kila mpira unapotua. Unapotua, si unapolala. Hilo msisitizie, kwa sababu vijana wanapenda kumfurahisha mteja. Ukimaliza, panga vijiti kwa umbali, hesabu kutoka upande wa karibu hadi cha kumi. Hapo ndipo 7 yako inapofika. Kile cha mbali kuliko vyote kitazame, ukifurahie, ukisahau. Rudia kwa 9 na kwa 5. Zilizobaki utazikadiria, mita 8 hadi 10 kati ya moja na nyingine kwa mtu wa mwendo wako.

Kubingirika uhesabu kando, kwa msimu. Kati ya Juni na Agosti ardhi yetu ngumu, 7 inaweza kuongeza mita 10 na zaidi. Mvua zikikolea mpira unazama pale pale ulipotua.

Turudi kwenye mfereji wenu. Bendera mita 132, maji mbele ya grini. Swali la kwanza pale halikuwa bendera iko wapi, bali ukingo wa pili wa maji uko mita ngapi. Tuseme 120. Kwa maelezo yako mwenyewe, 7 yako inatua popote kati ya 115 na 130, yaani mipira michache katika kila kumi ingekwenda majini hata usipokosea kitu, kabla hatujataja upepo. Pale chukua 6, lenga katikati ya grini na si bendera. Kama upepo unatoka usoni, chukua 5. Wenzako wakikuuliza umetumia namba gani, waambie 8.