Kigae, kauri au marumaru?

SWALI: Nimepewa kazi ya kutafsiri maelezo ya picha za msikiti wa Rüstem Pasha, Istanbul. Sentensi moja nimeiandika hivi: "Marumaru kuukuu za Kituruki zilizong'arishwa kutoka jengo la kidini la kihistoria." Mwenzangu amefuta "marumaru" akaweka "vigae". Mimi kigae ninachokijua tangu kwa bibi ni kipande cha chungu kilichovunjika. Nani amekosea? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Mwenzako yuko sahihi, na bibi naye hakukudanganya. Kigae ni udogo wa gae, lile la mfinyanzi anayelia gaeni. Kwanza kilikuwa kipande cha chungu, kisha neno likapanda juu ya paa kwa vile vipande vya udongo vya kuezekea, halafu likateremka ukutani na sakafuni. Popote liendapo limebeba maana ileile ya kitu kilichofinyangwa kikapita motoni.

Marumaru ni jiwe. Huchimbwa, hupasuliwa, husuguliwa. Najua mtu akijenga siku hizi hukwambia "nimeweka marumaru" akimaanisha zile za boksi kutoka dukani, na mtaani sina nguvu ya kuligombania hilo. Istanbul, hata hivyo, litakuumbua. Mji huo umekaa kando ya Bahari ya Marmara, nayo ina kisiwa cha jina hilohilo ambacho mawe yake yamechimbwa tangu enzi za kale. Wagiriki waliliita jiwe hilo marmaros, Waarabu wakasema marmar, sisi tukalipokea likiwa marumaru. Kwa hiyo msikiti unaouandikia umezungukwa na marumaru yenyewe, na misikiti ya huko ina nguzo na mimbari za jiwe hilo. Ukiviita vigae kwa jina hilo, msomaji atadhani maua ya tulipu yamechorwa juu ya mawe.

Sasa "zilizong'arishwa". Hapa kosa ni kubwa zaidi kuliko unavyodhani. Kung'arisha ni kusugua kitu kilichokwisha kuwepo mpaka king'ae: sufuria, kiatu, jiwe. Vigae hivi vilitengenezwa İznik, mji ulio kusini-mashariki ya Istanbul, na mng'ao wake hautokani na kusugua. Fundi alisaga jiwe jeupe, lile la jamii ya mchanga wa kutengenezea kioo, akachanganya na udongo kidogo. Akapaka juu tabaka jeupe, akachora maua kwa buluu, kijani na ule wekundu wa nyanya ulioanza kuonekana katikati ya karne ya 16, kisha akafunika yote kwa maji ya unga wa kioo. Motoni unga ule uliyeyuka ukawa utando. Rangi iko chini ya kioo, ndiyo maana haijafutika. Basi andika "vyenye utando wa kioo". Ni maneno manne badala ya moja, lakini ni ya kweli. Tena usije ukasema "vilivyookwa": mkate huokwa, udongo huchomwa, kama tofali.

Wapo watakaokushauri "kauri". Neno zuri, lina maana ya simbi wa pwani na pia ya vyombo vyeupe vya Kichina. (Waitalia nao waliviita vyombo hivyo kwa jina la simbi huyohuyo, porcellana.) Mabakuli yaliyopachikwa kwenye nguzo za makaburi ya kale ya Kunduchi ni kauri ya Uchina, hapo linakaa sawasawa. Udongo wa İznik si ule, japo Waturuki wenyewe huviita vigae vyao çini, jina linalotokana na Uchina. Mimi ningeliepuka.

"Kuukuu" ni nguo iliyochakaa. Kitu cha miaka ya 1560 kinachotunzwa ni cha kale. Na "jengo la kidini la kihistoria", ndugu yangu, ni msikiti. Una jina, na aliyeusanifu ni Sinan, msanifu wa Sultan Suleiman. Ukiwa na neno mahususi mkononi, la jumla la nini?

Limebaki "kutoka", neno dogo lenye mashtaka ndani yake. "Vigae kutoka msikitini" ni vigae vilivyobanduliwa vikaenda kwingine. Vya Rüstem Pasha viko ukutani palepale, hivyo ni vigae *vya* msikiti. Linganisha na kaburi la Sultan Selim II, jirani ya Hagia Sophia, kanisa la kale la Istanbul lililogeuzwa msikiti. Mwishoni mwa karne ya 19 pambo zima la vigae pembeni mwa mlango lilibanduliwa likapelekwa Ufaransa, mahali pake pakawekwa nakala iliyotengenezwa hukohuko Ufaransa. Vile vya asili viko Louvre, jumba la makumbusho la Paris. Simama mbele ya mlango ule utazame kushoto na kulia: upande mmoja wekundu ni wa İznik, upande wa pili umefifia.

Kwa picha yako, basi: "Vigae vya kale vya İznik, vyenye utando wa kioo, vya msikiti wa Rüstem Pasha, Istanbul." Ikitokea mwenye picha akakuletea na ile ya Louvre, hapo ndipo urudishe "kutoka".