Stesheni nimeipita mara tatu bila kujua

Juzi msomaji mmoja kaniandikia, anauliza zile stesheni za reli ya kusini mwa Tanzania, ile ya Mtwara kwenda Nachingwea, mimi nazipataje wakati hamna hata kipande cha chuma kilichobaki. Nimeona nijibu hapahapa maana najua mko wengi mnaotamani kuifanya hii kazi, na mimi imeshanitesa vya kutosha, nina cha kusema.

Kwa wasioijua, hii reli imeletwa na mradi wa karanga wa Waingereza. Mwaka 1949 treni ilifika Nachingwea ikitokea Mkwaya, kule kwenye mkono wa bahari wa Lindi. 1951 mradi ukaachwa, ila reli ikaendelea, 1954 ikaungwa na bandari ya Mtwara pale Ruo, sehemu iliyo kwenye njia ya Mkwaya kwenda Nachingwea, 1958 ikafika Masasi, halafu 1962 ikafungwa na vyuma vikang'olewa. Miaka 13 tu! Ndio maana unaweza kukutana na mtu mzima kazaliwa hukohuko na hajui kama treni ilipita nyuma ya shamba lao.

Sasa mimi nilianza kwa kiburi. Nilikuwa na ramani ya zamani na orodha ya umbali wa vituo, nikapiga mahesabu mezani, nikaweka alama kwenye picha za setilaiti na nikatangaza kwa watu kwamba kituo fulani kati ya Ruo na Nachingwea nimekipata. Kumbe ile orodha ni ya maili na mimi nimesoma kilomita. Namba 30 tu ukiikosea hivyo unapotea kilomita 18, na mimi nilipotea. Halafu kuna kosa la pili lililojificha humohumo, kwamba karatasi za mwanzo zinahesabu kuanzia Mkwaya kwa sababu Mtwara ilikuwa bado haijaunganishwa, za baadaye zinaanzia Mtwara. Kwahiyo kabla hujagusa namba yoyote uliza hii ni maili au kilomita, na sifuri iko wapi. Hilo naomba mlishike.

Nilirekebisha mahesabu nikarudi porini. Mara ya kwanza hamna kitu, ya pili hamna kitu, ya tatu nimetembea juu ya tuta, ule udongo ulioinuliwa kubeba reli, toka asubuhi natafuta jengo, natafuta msingi, natafuta ukuta. Ikabidi niingie kwa mzee mmoja jirani na tuta, shikamoo babu, marahaba mjukuu wangu, nikamweleza shida yangu. Akasema yeye alikuwa kijana kwenye genge la kubadilisha mataruma, yale magogo yanayolala chini ya vyuma vya reli. Akachukua fimbo yake, tukatembea kama dakika kumi, akasimama sehemu niliyoipita mara zote tatu, akaniambia hapa uliposimama ndio treni zilikuwa zinapishana. Na kweli, nikiangalia sasa naliona, tuta limepanuka, upana wa kutosha njia mbili, halafu mbele linarudi kuwa jembamba. Nilikaa chini. Sijui niseme nini, machozi yalinitoka.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba jengo usilitafute. Vituo vidogo vingi vilikuwa vibanda tu, na mbao na bati vinabebeka, reli ikifa vinaondoka navyo. Kisichobebeka ni udongo. Njia ni moja, treni mbili zikikutana lazima moja ijitenge, na inapojitenga tuta linapanuka na pako tambarare, hauwezi kuegesha mabehewa kwenye mteremko. Pia injini ya mvuke inakunywa maji mengi, kwahiyo mto au kisima kikiwa karibu paangalie vizuri, unaweza kukuta kizimba cha zege kilichobeba tangi. Angalia miti mikubwa iliyopangwa kwa mstari, porini miti haijipangi yenyewe. Sikiliza na majina, pale kwa yule babu watoto wanasema wanaenda kucheza Stesheni na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia kwa nini panaitwa hivyo. Mimi nililisikia hilo jina siku ya kwanza kabisa nikalipuuza, nilikuwa nimeinamia simu.

Na hili nalisema kwa uchungu, ramani yangu iliyokamilika niliipeleka ofisi moja kwa nia njema, baadaye nikaiona imetumika, alama zangu zilezile, jina langu hamna na la babu ndio kabisa hamna. Mimi nimeshasamehe, au najitahidi. Ila jamani ukielekezwa na mzee andika jina lake kwenye daftari lako siku hiyohiyo, muulize kama anaridhia litajwe, na ukirudi mjini usimsahau kama alivyosahauliwa na waliomwajiri. Aliyekuwa na miaka 20 treni ya mwisho inapita sasa ana zaidi ya 80, unasubiri nini? Setilaiti itakuwepo mwakani, yeye hujui. Nenda kwa mzee kwanza, ramani baadaye, narudia tena, mzee kwanza.

Mimi nimebakiza kipande cha Mkwaya hadi Ruo. Safari hii sijafungua hata ramani, babu kanitajia mwenzie wa genge anayeishi upande ule na naanzia kwake.