Kishikwambi: inchi ngapi, GB ngapi, kwa bei gani?

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nataka cha kusomea vitabu na mitihani ya zamani ya PDF. Inchi 8.7 zinatosha au nipande hadi 11?

Panda. Inchi hupimwa kona hadi kona, hivyo hazikuambii upana wa ukurasa, na upana ndio unaokuhusu. Karatasi ya A4 ina sentimita 21. Galaxy Tab A9 ya inchi 8.7, ukiishika wima, kioo chake kina upana wa sentimita 11 na kidogo: herufi ya ukubwa wa 12 inasinyaa hadi 6 na nusu. Tab A9+ ya inchi 11 inafika karibu sentimita 15, herufi ile ile inakuwa 8 na nusu. iPad ya inchi 10.9 ni ndogo kwa namba lakini ni pana zaidi, karibu sentimita 16, kwa sababu umbo lake limekaribia mraba. Kwa mtihani wa fizikia wenye michoro, kwenye kile kidogo utashinda ukivuta ukurasa huku na huku. Faida yake ni wepesi. Kikubwa, chenye gramu 480 hivi, huchosha mkono mmoja.

Cha 4/64 (RAM GB 4, hifadhi GB 64) na cha 8/128 vinapishana bei sana. Muuzaji anasema nichukue cha chini, niongeze kadi.

Kadi inabeba picha, video na PDF. Haiongezi RAM, yaani kumbukumbu ya muda inayoweka programu wazi. Kwenye GB 4, ukitoka kwenye Zoom kwenda kufungua PDF, ukirudi huenda ukakuta darasa limeshafungwa. Na tangazo la “RAM 16” mara nyingi ni 8 halisi na 8 za kuazima kwenye hifadhi ya ndani, ambazo ni za polepole. iPad haina hata tundu la kadi, kwa hiyo GB unazonunua ndizo utakazokaa nazo.

Nimeona kimoja cha bei ya kutupa, jina silijui: RAM 12, GB 512.

Usiamini boksi wala ukurasa wa mipangilio, vyote huandikwa uongo. Fungua Play Store, gusa picha ya akaunti, Mipangilio, kisha Kuhusu: kama hakijaidhinishwa na Play Protect, ulinzi wa Google, rudisha. Kama kinaingia laini na uko Tanzania, tuma IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, kwenda 15090 kabla ya kulipa. Vingi havina pa kupigia *#06# ili kuiona. Itafute kwenye Mipangilio.

Kwa hela ile ile, Android mpya au iPad iliyotumika?

Angalia toleo kwanza. iPad ya kizazi cha 7, ya 2019, haipati iPadOS 26, toleo la mfumo wa iPad. Ya kizazi cha 8, ya 2020, inapata. Muuzaji aifute yote mbele yako, iunganishwe na Wi-Fi na iwake hadi ukurasa wa mwanzo. Ikidai nenosiri la mmiliki wa zamani, hiyo ni kigae tu, hata ikipunguzwa nusu bei. Halafu gawanya bei kwa miezi iliyobaki ya kupata masasisho: cha 300,000 kwa miaka miwili ni 12,500 kwa mwezi, cha 600,000 kwa miaka mitano ni 10,000. Betri ya kilichotumika ihesabie pembeni.