Winchi ya Albatross iko omo (mbele), si tezi (nyuma)

Salaam ndugu. Umekwama kwenye modeli ya Albatross, ile meli ya utafiti wa samaki ya Marekani ya 1882: winchi ya nyavu ikae wapi, na rafadha mbili (propela za kuisukuma meli) za nini ilhali ina matanga.

Kwanza angalia mlingoti wa mbele. Boriti ya kunyanyulia nyavu imeshikizwa hapo, na mashine yake, yaani winchi, iko jirani. Mimi niliibandika tezi kwa mazoea ya meli za uvuvi za leo. Gundi ilipokauka nikaibandua kwa kisu, na staha ikachubuka vibaya.

Rafadha mbili ni za kuigeuza meli ikiwa karibu kusimama. Waya mrefu wa nyavu ukiwa chini ya bahari, injini moja husukuma mbele, nyingine nyuma, meli inajizungusha palepale. Matanga yaliokoa makaa safarini.

Urefu halisi ni futi 234, kwa hiyo kwa kipimo cha 1:96 upate kama sentimita 74. Na vibatari ondoa! Ilikuwa na taa za umeme za Edison, hata moja ya kuzamishwa majini usiku kuvutia viumbe.