Tsavoraiti ni garneti au zumaridi?

Swali: Nimeuziwa jiwe la kijani ambalo bado halijatiwa kwenye pete, uzito wake karati 1.8. Risiti inasema ni tsavoraiti. Sonara mmoja hapa mjini ameniambia ni garneti tu, mwingine anaapa ni zumaridi. Nimwamini nani, na jina hilo limetoka wapi? – *Msomaji, South B*

Jibu: Risiti yako na sonara wa kwanza havipingani. Tsavoraiti ni garneti. Kwa wanajiolojia ni aina ya grosula, garneti yenye kalsiamu na alumini, na ukijani wake unatokana na vanadiamu na kromiamu kidogo. Zumaridi ni madini mengine kabisa.

Majina mawili kati ya haya yalitoka shambani. Garneti linatokana na neno la Kilatini la komamanga, kwa kuwa garneti nyekundu hufanana na mbegu zake. Grosula linatokana na *grossularia*, jina la Kilatini la gusiberi ya Ulaya, tunda la kijani kilichopauka. (Si ile gusiberi ya masoko yetu yenye ganda kama karatasi, hiyo huiva ikawa ya manjano, na ungejiuliza jiwe la kijani lilihusianaje nayo.)

Tsavoraiti ni jina changa. Mwaka 1967 mwanajiolojia Campbell Bridges aliyapata mawe haya kaskazini mwa Tanzania, lakini hakupata ruhusa ya kuyatoa nchini. Aliufuata mkanda uleule wa miamba hadi upande wa Kenya, akayapata tena Taita mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1974 kampuni ya vito ya Tiffany ya New York ikayaingiza sokoni kwa jina la Tsavo, mto na mbuga iliyo jirani na machimbo. Nadhani Taita walidhulumiwa kidogo hapo, ila Tsavo tayari ilikuwa na sifa ng'ambo. Siku hizi hata jiwe la Merelani, Tanzania, au la Madagaska huitwa tsavoraiti, kwa hiyo jina hilo kwenye risiti halithibitishi kwamba jiwe ni la Kenya. Likiwa limepauka sana, wafanyabiashara makini hawaliiti tsavoraiti. Ni grosula ya kijani, na bei yake hushuka.

Kuhusu zumaridi, usibishane na mtu, pima. Tafuta mizani inayosoma hadi gramu 0.001, ile ya 0.01 haifai kwa jiwe dogo hivi. Karati 1.8 ni gramu 0.360. Weka kikombe chepesi cha plastiki chenye maji juu ya mizani, maana mizani hizi nyingi hazibebi zaidi ya gramu 20 au 50. Ning'iniza kikapu cha waya mwembamba kutoka kwenye kishikio kilichosimama nje ya mizani, kizame majini bila kugusa kikombe, kisha rudisha mizani kwenye sifuri. Tia jiwe kwenye kikapu. Namba utakayoisoma ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya 0.360 kwa namba hiyo.

Tsavoraiti itasoma karibu 0.100, yaani densiti ya 3.6. Zumaridi itasoma karibu 0.132, yaani 2.7. Kijiwe cha maabara kiitwacho YAG, ambacho nacho huwa cha kijani, kitasoma 0.079 tu.

Kinachoharibu kipimo mara nyingi ni viputo vya hewa: huongeza namba na kufanya jiwe zuri lionekane jepesi. Tone moja la sabuni ya vyombo majini hupunguza tatizo. Namba ikiruka hadi karibu 0.360, kikapu kimegusa chini.

Densiti peke yake haitoshi, kwa sababu kioo chenye risasi kinaweza kufika 3.6. Mwombe mtaalamu wa vito aliweke kwenye refraktomita, kifaa kinachopima jinsi jiwe linavyopinda mwanga. Tsavoraiti huonyesha mstari mmoja tu, karibu na 1.74. Zumaridi huonyesha miwili iliyokaribiana, kwenye 1.57 na 1.58. Kioo cha densiti hiyo hakifiki 1.74.

Swali: Pete yangu ya tsavoraiti imefifia. Niipeleke ikasafishwe kwa mashine ya mvuke? – *Msomaji, Kilimani*

Jibu: Hapana. Joto la ghafla linaweza kulipasua jiwe, hasa likiwa na nyufa za ndani. Mara nyingi kinacholififisha ni mafuta ya losheni yaliyoganda nyuma ya jiwe. Loweka pete dakika 10 katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, sugua upande wa nyuma kwa mswaki laini, kisha suuza, lakini ziba sinki kwanza. Ukipeleka pete kupunguzwa au kuunganishwa kwa moto, hakikisha fundi amelitoa jiwe kabla ya kuwasha.