Mgongo unauma hadi mguuni? Ongea vizuri na daktari kabla hujakimbilia MRI

Watu wananiuliza sana kuhusu mgongo kwasababu wanajua kuna kipindi nilikuwa siwezi hata kukaa kwenye cherehani na sasa hivi nakata na kushona kama kawaida, na swali la kwanza karibu wote ni hilo hilo, MRI (ile picha ya mashine ya kuangalia ndani ya mwili) ulipiga wapi na ni bei gani. Jamani mimi sikuanzia huko, na kama mgongo wako ni wa aina ya wangu nakuomba na wewe usianzie huko.

Maumivu yangu yalianzia kiunoni upande wa kushoto, baadae yakashuka kwenye tako, nyuma ya paja, kwenye kigimbi mpaka kidole kidogo cha mguu, yaani nikikohoa au nikipiga chafya inapiga kama shoti ya umeme. Majirani wote wakasema figo. Huku kwetu mgongo ukiuma tu ni figo, na mwanaume ndo kabisa, anaambiwa nguvu zinaisha anauziwa dawa ya kuchemsha. Figo ikiwa na shida mara nyingi maumivu yanakaa juu zaidi, ubavuni chini ya mbavu, yanakuja na homa au kichefuchefu au mkojo kubadilika, na hayajali umeinama au umesimama. Yangu yalikuwa yanajali sana nimekaaje.

Daktari aliyenisaidia alinisikiliza kwanza mpaka nikamaliza. Alafu akaniambia nitembee kwa visigino, nitembee kwa ncha za vidole, akanilaza chali akaninyanyua mguu ukiwa umenyooka na kabla haujafika juu ule moto ukashuka mpaka chini ya goti, akanigonga na kinyundo nyuma ya kifundo, akapitisha pamba kwenye miguu yote miwili aone kama nahisi sawa. Hakuna mashine hapo lakini kila kitu kina maana yake. Pingili za kiuno ni tano, L1 mpaka L5, na diski, ile mito laini inayokaa kati ya pingili, zinazotoka nyingi ni ile ya kati ya L4 na L5 au ile ya chini yake kati ya L5 na S1, yaani mwanzo wa mfupa ulio chini ya kiuno. Ukishindwa kutembea kwa visigino au kunyanyua kidole gumba cha mguu wanafikiria neva (mshipa wa fahamu) ya L5, ukishindwa kusimama kwa vidole na mguu haujibu ukigongwa kinyundo wanafikiria S1. Mimi nguvu zilikuwepo, akasema diski imebana neva, hii ndo siatika, na wengi inatulia bila kisu.

Kwahiyo ukienda usiseme tu "dokta mgongo" ukanyamaza. Sema ilianza lini na ulikuwa unafanya nini, onyesha kwa kidole inaposhuka mpaka inapoishia, ganzi iko wapi, usiku ukilala inapoa au inazidi, umepungua uzito au una homa, dawa gani unakunywa. Hayo maelezo yanamsaidia kuliko picha yoyote.

Na picha inaweza kukutisha bure. Kuna uchambuzi ulichapishwa 2015 wa picha za watu zaidi ya 3,000 ambao migongo ilikuwa HAIWAUMI, wenye miaka 20 asilimia kama 30 walikuwa na diski iliyovimba, wenye miaka 50 asilimia kama 60. Sasa wewe unalipa laki kadhaa unaandikiwa diski imetoka unaanza kutembea kama yai wakati labda sio hiyo inayokuuma.

Tiba yangu kubwa ilikuwa kutembea. Kulala kitandani siku nzima kunakaza mgongo, tembea kidogo kidogo ongeza, nenda kwa fizio, mtaalamu wa tiba ya mazoezi, akufundishe mazoezi ya tumbo na kiuno alafu uyafanye kweli nyumbani, na kama kazi yako ni ya kukaa simama mara kwa mara. Mkanda wa kiunoni, WHO (Shirika la Afya Duniani) kwenye mwongozo wao wa Desemba 2023 hawaushauri kwa maumivu sugu. Diclofenac, dawa ya maumivu, inasaidia siku chache lakini naumia nikiona mtu anachomwa sindano yake kila wiki duka la dawa, inaleta vidonda vya tumbo, inapandisha presha, inaharibu figo, na mjamzito asiiguse bila daktari. Upasuaji una nafasi yake. Uholanzi 2007 walilinganisha wagonjwa wa siatika kali, waliopasuliwa mapema walipata nafuu haraka zaidi lakini baada ya mwaka walikuwa sawa na waliosubiri.

Ila kuna migongo ya kutosubiri na hapa nakuomba usome taratibu. Homa za jioni, jasho usiku, kukonda na mgongo unaouma hata ukilala, hiyo inaweza kuwa TB ya mgongo, inakula pingili mpaka mtu anapata kibiongo au miguu inapooza, na dawa za TB zinatolewa bure. Wanaokunywa maziwa mabichi wamwambie daktari pia, brusela, ugonjwa wa bakteria unaotoka kwa mifugo, inapenda pingili za kiuno. Aliyewahi kuwa na saratani, aliyeanguka, anayetumia steroidi (dawa kama prednisolone) muda mrefu, huyo picha asicheleweshewe. Hata mguu unaozidi kukosa nguvu au unaoburuza, usikae nao nyumbani.

Na ukianza kushindwa kukojoa, au haja inatoka bila kujua, au ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, nenda emajensi usiku huo huo, hospitali kubwa yenye upasuaji wa mgongo, kwasababu neva zikikaa zimebanwa muda mrefu mkojo unaweza usirudi tena kuwa sawa. Najua watu wanaona aibu kutaja sehemu hizo, hasa mbele ya kijana wa mapokezi. Taja hivyo hivyo, "sihisi mkojo na huku chini pamekufa ganzi", maana ukisema mgongo tu wanakupanga foleni.