Wakili na Miwani Yake: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Tamthilia za Televisheni

SWALI: Mhariri, nakusalimu. Mimi na mume wangu tumefuatilia tamthilia moja tangu sehemu ya kwanza. Mhusika mkuu ni wakili, mwanamke makini ambaye hatii saini karatasi yoyote kabla ya kuvaa miwani na kuisoma mara mbili. Hata barua ya shule ya mwanawe aliisoma hivyo. Katika sehemu ya 41 shemeji yake anamletea waraka jikoni, naye anautia saini huku simu ikiwa sikioni na miwani ikiwa mezani, na kwa saini hiyo anapoteza nyumba yake. Katika sehemu ya 42 wanalia wote, lakini hakuna hata mmoja anayeuliza imekuwaje. Mume wangu anasema mawakili nao ni binadamu, na kwamba mimi napenda tu kutafuta kasoro. Nani kati yetu ana haki?

JIBU: Mumeo ana haki kama mnazungumzia maisha, wewe una haki kama mnazungumzia hadithi, na nadhani mlikuwa mnatazama hadithi. Duniani watu makini huteleza kila siku bila sababu yoyote, wala hatuwadai maelezo. Mtunzi hana ruhusa hiyo, kwa kuwa kila anachotuonesha kuhusu mhusika ni ahadi, na sehemu 40 za miwani na kusoma mara mbili ni ahadi nzito. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki wa karne ya 4 kabla ya Kristo, alishauri kwamba ni afadhali mtunzi achague jambo lisilowezekana lakini linaloaminika kuliko jambo linalowezekana lakini lisiloaminika. Ndiyo maana mtazamaji yuleyule anayekubali bila ubishi kwamba mzimu umezungumza na wajukuu zake huikataa saini ya wakili: mzimu umefuata kanuni za hadithi yake, wakili amevunja za kwake.

Ninapotilia shaka tukio lolote, hujiuliza ni nani aliyetaka litokee, mhusika au mwandishi. Itazame tena ile picha ya jikoni. Shemeji alitaka saini, hilo liko wazi. Wakili hakuwa akikimbizwa na yeyote, na waraka ungeweza kungoja hadi mazungumzo ya simu yaishe. Aliyekuwa na haraka ni mwandishi, ambaye alihitaji nyumba iondoke kabla ya sehemu kumalizika, akaushika mkono wa wakili na kumtilia saini. (Simu ndiyo mtumishi mtiifu kuliko wote katika tamthilia: hulia pale mtu anapotakiwa asisome, na huishiwa chaji pale siri inapotaka kusemwa.)

Kasoro hiyo ilikuwa na tiba, tena isiyo na gharama. Tuseme kwamba tangu sehemu ya 36 shemeji amekuwa akileta nyaraka halali, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza wakili anausoma mara mbili, wa pili mara moja, wa tatu anaupitishia macho tu huku shemeji akimtania kwamba nyumbani si mahakamani. Wa nne unapofika jikoni na miwani ikabaki mezani, sisi tunaotazama ndio tunaotamani kupiga kelele. Tukio ni lile lile, lakini sasa mwanamke huyu amedhulumiwa kupitia imani yake kwa ndugu, si kupitia usahaulifu aliopachikwa siku ile ile. Hata hivyo, hoja yako yenye nguvu kuliko zote mbele ya mumeo ni ile ya sehemu ya 42. Mtu aliyezoea kusoma kila kitu mara mbili, akipoteza nyumba kwa kutosoma, atajilaumu usiku kucha na ndugu zake watamsuta. Kimya chao kinaonesha kwamba waandishi wenyewe hawakuliona jambo hilo kuwa kosa lake. Kwao lilikuwa daraja tu la kuvukia.

SWALI: Katika tamthilia ninayoitazama, mama mkwe mkatili amekuwa mpole ghafla. Rafiki zangu wanasema ni udhaifu wa uandishi. Je, si kweli kwamba binadamu hubadilika?

JIBU: Hubadilika, na mhusika asiyebadilika hata chembe kwa sehemu 100 huchosha. Ninachodai mimi ni sababu na mabaki. Sababu si lazima ioneshwe kabla. Mwandishi hodari anaweza kuificha na kuifichua baadaye, kwa hiyo usitoe hukumu kwa tukio moja. Subiri, kisha rudia sehemu za nyuma: ikiwa ufunuo umezifanya zieleweke vizuri zaidi, mtego ulitegwa kwa ustadi, ikiwa umezigeuza kuwa uongo, umechezewa.

Mabaki ndiyo husahaulika. Mama aliyemnyanyasa mke wa mwanawe kwa miaka 10 haamki asubuhi na sauti mpya. Ulimi utamteleza, ataomba radhi kwa maneno ambayo bado yana mwiba ndani, na yule mkwe ataendelea kushtuka kila asikiapo mlango ukifunguliwa. Ukiona mkwe naye amesahau yote kwa siku moja, basi rafiki zako wana hoja, na walioharibiwa ni wahusika wawili. Yupo pia mhusika ambaye ukigeugeu ndio tabia yake. Huyo Aristotle alimruhusu, kwa sharti kwamba awe kigeugeu tangu mwanzo hadi mwisho.

SWALI: Tamthilia hizi zina waandishi wengi. Inakuwaje hakuna anayeyaona makosa haya?

JIBU: Wingi huo wenyewe ni sehemu ya tatizo. Mara nyingi mwandishi mkuu huandaa muhtasari wa msimu, kisha wenzake hugawana sehemu. Matukio nayo hurekodiwa kwa kufuata mahali, si kwa mpangilio wa hadithi, hivyo mwigizaji anaweza kumlilia marehemu asubuhi na kucheka naye mchana. Yupo mtu wa kusimamia mwendelezo, lakini macho yake yako zaidi kwenye nguo, nywele na kiasi cha maji kilichobaki kwenye glasi.

Kisha kuna mambo ya nje ya hadithi, hasa mwigizaji anapoondoka au kurudi. Katika tamthilia ya Marekani iitwayo Dallas, Bobby Ewing alifariki mwaka 1985 kwa sababu Patrick Duffy aliyemwigiza alikuwa anaacha kazi hiyo. Mwaka 1986 Duffy alirejea, Bobby akaonekana bafuni akioga, na watazamaji wakaelezwa kwamba msimu mzima uliopita ulikuwa ndoto ya mkewe, Pam. Kimantiki ndoto haina kosa, kwa sababu ndotoni lolote hutokea. Kilichovunjika ni imani ya watu waliomlilia Bobby kwa mwaka mzima. Na hata mantiki haikupona. Tamthilia ya Knots Landing, iliyotokana na Dallas na iliyokuwa na ndugu wa Bobby kama mmoja wa wahusika wake, ilikuwa imekwisha kutangaza msiba huo na haikuufuta, hivyo Bobby akawa mzima katika tamthilia moja na marehemu katika nyingine.